Mwendokasi ya Kimara hadi Kivukoni: tathmini ya huduma, na ya mkataba unaoiendesha

Ukitaka kuijua huduma ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, nenda Kimara Mwisho siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uhesabu dakika zinazopita kati ya basi moja na jingine. Zikiwa mbili au tatu, watu wanapanda kwa mstari na mlango unafungwa bila mtu kusukumwa. Zikifika kumi, mstari unavunjika. Vijana wanapitia dirishani, kina mama wenye watoto mgongoni wanarudi nyuma kusubiri ukutani, na basi linajaa kabla halijasimama sawasawa. Dereva ni yuleyule na barabara ni ileile. Kinachobadilika ni idadi ya mabasi yaliyotoka karakana alfajiri hiyo, na idadi hiyo ilianza kuamuliwa miaka mingi nyuma, kwenye mkataba kati ya serikali na mtoa huduma. Kwa hiyo hapa tunapima safari unayoilipia pamoja na ubia ulio nyuma yake, maana ukiacha kimoja huwezi kukielewa kingine.

Tunachopima ni awamu ya kwanza ya Mabasi Yaendayo Haraka jijini Dar es Salaam. Ni kilomita 20.9, kutoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, na matawi mawili: moja linatoka Magomeni kwenda Morocco kwa Barabara ya Kawawa, jingine linatoka Fire kwenda Gerezani kwa Mtaa wa Msimbazi. Kuna vituo 27 vya njiani na vituo vikuu 5. Njia ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mkandarasi akiwa Strabag. Msimamizi ni wakala wa serikali, DART, ulioanzishwa mwaka 2007 na ulio chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Abiria walianza kubebwa Mei 10, 2016, na Rais John Magufuli akazindua mradi rasmi Januari 2017.

Barabara

Tuanze na kilicho bora. Njia ya mabasi iko katikati ya barabara, imetengwa kwa kingo, na kwenye vituo kuna nafasi ya kupitana, hivyo basi la moja kwa moja halikwami nyuma ya lile linalosimama kila kituo. Jukwaa la kituo liko usawa wa sakafu ya basi. Mzee mwenye fimbo hapandi ngazi, na mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa kama mzigo, mradi dereva amelisogeza basi karibu na jukwaa. Nauli inalipwa kabla ya kuingia, kwa hiyo basi halisimami kumsubiri konda amalize kukusanya. Safari ya Kimara hadi mjini, ambayo kwenye daladala foleni ya Ubungo iliweza kuila saa mbili, ilishuka hadi dakika 45 hivi. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya kimataifa, na kwa upande wa ujenzi tunasema ilistahili kabisa.

Upande huu ulifanikiwa kwa sababu inayofaa kukumbukwa tunapofika kwenye matatizo. Hatari za ujenzi ni fidia ya nyumba, kuhamisha nguzo za umeme na mabomba ya maji, na kesi za ardhi. Hakuna kampuni binafsi inayoweza kumwamuru mwenye nyumba wa Manzese ahame, wala kumharakisha shirika la umeme ling'oe nguzo. Serikali inaweza. Serikali ndiyo iliyobeba hatari hizo, na barabara ikakamilika. Kanuni ya ubia ni hiyo tu: kila hatari abebeshwe yule mwenye mkono wa kuipunguza.

Mabasi 30 yasipotoka

Watu wengi hudhani kwamba nusu ya mabasi yakikosekana, huduma inapungua kwa nusu. Hupungua zaidi ya hapo, na hesabu yake kila mpanga ratiba anaijua. Tuchukue namba za mfano. Tuseme basi linatumia dakika 120 kutoka Kimara hadi Kivukoni na kurudi, pamoja na kupakia, kushusha na kugeuza. Ukitaka basi kila baada ya dakika 2, unahitaji mabasi 60 barabarani. Kila basi likibeba watu 90, kwa saa moja yanapita mabasi 30 na abiria 2,700.

Sasa mabasi 30 ni mabovu, yako karakana juu ya mawe. Kwenye karatasi, basi litapita kila dakika 4 na kubeba abiria 1,350 kwa saa. Lakini wale wengine hawakurudi nyumbani, wako jukwaani. Kila basi linapofika, kupakia kunachukua muda zaidi kwa sababu walio mlangoni hawawezi kushuka mpaka walio nje wawapishe, na walio nje wanaogopa kuachwa. Mzunguko unavutika hadi dakika 140. Mabasi 30 hayohayo sasa yanapita kila dakika 4 na sekunde 40, na uwezo unashuka chini ya abiria 1,160 kwa saa. Umepoteza nusu ya mabasi, umepoteza zaidi ya nusu ya huduma. Halafu basi lililojazwa kupita kiasi linachakaa mapema: springi za hewa zinapasuka, injini ya mlango inaungua kwa kulazimishwa kufunga juu ya migongo ya watu, breki zinakwisha haraka. Wiki inayofuata yanatoka 27.

Sasa namba halisi. Huduma ilianza na mabasi 140: mabasi 39 marefu ya mita 18, yale yenye kiungo katikati, na 101 ya mita 12. Mpango wa awamu ya kwanza ulihitaji mabasi 305. Yaani siku ya kwanza kabisa, yakiwa mapya na hakuna hata moja lililoharibika, mabasi hayakufikia nusu ya yaliyotakiwa. Kila lawama iliyofuata kuhusu madereva, ratiba na ustaarabu wa abiria inaanzia hapo.

Kwa nini hayakuongezwa

Mtoa huduma wa kwanza, UDA-RT, aliundwa na UDA, shirika la usafiri wa mabasi la jiji, kwa kushirikiana na vyama vya wamiliki wa daladala. Wazo lilikuwa la haki. Waliokuwa wakipoteza njia ya Morogoro wapewe nafasi ndani ya mfumo mpya, badala ya kufukuzwa barabarani. Aprili 2015 alipewa mkataba wa mpito wa miaka 2. Kazi ya kipindi hicho ilikuwa kufundisha madereva, kuzoesha abiria na kupata takwimu, kisha itangazwe zabuni ya wazi apatikane mtoa huduma wa muda mrefu. Kwenye mpango kamili, majukumu yalitenganishwa: watoa huduma wawili wa mabasi wanaoshindana kwa ubora, mkusanya nauli wa pembeni, na msimamizi wa mfuko wa fedha anayemlipa kila mmoja kwa kazi aliyofanya.

Kipindi cha mpito hakikuisha kwa wakati. Kiliongezwa, kikaongezwa tena. Hapa ndipo hatari ilipomwangukia asiyeweza kuibeba.

Jiweke kwenye nafasi ya afisa mikopo wa benki. Anakuja mteja anataka kununua mabasi. Basi la namna hii linapaswa kulipiwa kwa miaka kama 10. Mkataba wake unaisha mwakani na hajui kama utaongezwa. Unauliza: akishindwa, nikamate nini? Basi lenyewe limetengenezwa kwa ajili ya njia hii moja. Sakafu iko juu kulingana na jukwaa, milango mikubwa iko upande wa kulia kwa sababu kituo kiko katikati ya barabara. Huwezi kulipeleka Mwanza au Arusha likapakie abiria kando ya lami upande wa kushoto. Dhamana hiyo haina soko. Kwa hiyo unakataa mkopo, au unaweka riba inayomfukuza mteja. Mtoa huduma hata akiwa mwaminifu kuliko wote, hawezi kuongeza mabasi kwa mkataba wa namna hiyo. Atafanya kinachofanywa na karakana yoyote isiyo na uhakika wa kesho. Atachomoa kipuri kwenye basi lililolala ili jingine litoke. Leo ni stata, kesho ni kompresa ya hewa. Baada ya miezi sita lile lililochomolewa limebaki bodi.

Hata yalipopatikana mabasi ya kuongeza, ubia uliyumba. Mwaka 2018 mabasi mengine 70 yalifika bandarini Dar es Salaam, yakakaa hapo kwa muda mrefu kwa sababu ya mgogoro wa kodi. Mabasi yaliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa serikali yakazuiwa na mamlaka ya serikali hiyohiyo, huku abiria wa serikali hiyohiyo wakipitia dirishani Ubungo. Katika mkataba uliopangwa vizuri, suala la ushuru na msamaha wake ni sharti la kutangulia: halijamalizwa kwa maandishi, hakuna anayeagiza basi. Likiachwa kama ahadi ya mdomo kwenye kikao, anayeilipa ni abiria.

Umiliki nao ukabadilika, na serikali ikaishia kuwa mwenye hisa nyingi ndani ya kampuni inayoendesha. Kwa wengi hii ilionekana kama usalama. Sisi tunaiona kama udhaifu mkubwa wa awamu ya kwanza. Wakala wa serikali unamsimamia mtoa huduma ambaye mwenye hisa nyingi ni serikali, kwenye nauli inayopangwa na mdhibiti wa serikali. Basi lisipotoka, faini unamtoza nani? Pesa zinatoka mfuko mmoja kuingia mwingine wa suruali ileile. Adhabu isiyouma haimtoi mtu kitandani saa tisa usiku kwenda kukagua mabasi.

Nauli, na pengo lisilo na mwenyewe

Mwaka 2016 mtoa huduma aliomba nauli za juu zaidi. Mdhibiti wa wakati huo, SUMATRA, akaidhinisha shilingi 400 kwa njia mlishi, yaani zinazoleta abiria kwenye njia kuu, 650 kwa njia kuu, 800 kwa zote mbili, na 200 kwa mwanafunzi. Baadaye, chini ya mdhibiti aliyemrithi, LATRA, njia kuu ilipanda hadi 750. Kwa mfanyakazi wa kipato cha chini anayetoka Mbezi kila siku, hizi ni nauli za haki na hatudai ziongezwe. Tunachodai ni kwamba pengo kati ya nauli na gharama liwe na jina na mlipaji. Kwa nauli za 2016, mwanafunzi akilipa 200 pale mtu mzima anapolipa 650, kuna 450 zinazopungua. Zinatoka wapi? Mkataba usiposema, zitatoka kwenye matairi na kwenye pedi za breki, na mwanafunzi mwenyewe atakuwa wa mwisho kupanda.

Namna ya kumlipa mtoa huduma ndiyo inayojenga tabia yake. Ukimlipa kwa kila abiria, atapenda basi lililojaa pomoni na atachukia safari ya saa nne usiku yenye watu sita. Ukimlipa kwa kila kilomita, atapenda kuzungusha basi hata likiwa tupu, lakini hatakuwa na sababu ya kumwacha mwanafunzi wala kusubiri lijae. Bogotá, jiji la Colombia ambalo mfumo wake wa mabasi wa mwaka 2000, TransMilenio, ulikuwa mfano kwa miji mingi iliyofuata, ilichagua kilomita kuwa msingi, nauli zote zikiingia kwanza kwenye mfuko unaosimamiwa na mtu wa tatu. Malipo ya kilomita yanahamishia serikalini hatari ya abiria kupungua, na hiyo ni sawa, kwa sababu serikali ndiyo inayopanga nauli na ndiyo inayoamua kama daladala zitaendelea kupita sambamba. Lakini yanataka kitu kimoja bila mjadala: chumba cha udhibiti chenye uwezo wa kuliona kila basi kwenye ramani, na kukata malipo ya safari ambayo haikufanyika. Bila chumba hicho, unalipia kilomita za kwenye karatasi.

Tiketi

Dirisha la tiketi linaonekana jambo dogo, na ndilo lililoharibu imani kuliko mengine yote. Chukua nauli ya mwanzo ya 650: abiria ana noti ya 1,000. Chenji ni 350: sarafu ya 200, ya 100 na ya 50. Sarafu tatu kwa kila mtu. Karani mwenye sarafu za kutosha anaweza kumhudumia mtu kwa sekunde 10, yaani watu 360 kwa saa. Sarafu za 50 zikiisha, sekunde zinakuwa 20, watu wanabaki 180, na foleni inatoka nje ya kituo wakati mabasi yanapita na nafasi. Wengine wanaambiwa chenji hakuna, wachukue au waache. Shilingi 50 haimuui mtu, lakini anayeachiwa 50 kila asubuhi anajifunza kwamba huduma hii haina anayejali.

Kadi za mwanzo ziliachwa, tiketi za karatasi zikatumika kwa miaka, kisha ikaja N-Card, kadi ileile inayotumika kwenye kivuko cha Kigamboni na viwanja vya mpira. Tiketi ya karatasi ina matatizo mawili. La kwanza ni uvujaji: isipochanwa au kusomwa na mashine getini, inaweza kurudi dirishani na kuuzwa mara ya pili. La pili ni zito zaidi kwa ubia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni mashine ya tiketi. Kama wakala hajui kwa uhakika watu wangapi walipita getini jana, hawezi kumbishia mtoa huduma anayesema mapato hayatoshi, na mtoa huduma naye hawezi kuithibitishia benki kwamba yanatosha. Pande zote mbili zinabaki na neno dhidi ya neno. Kadi inayosomwa getini, na takwimu zake kumfikia msimamizi, mtoa huduma na mkaguzi kwa saa ileile, ni nguzo ya ubia kama zege lilivyo nguzo ya barabara.

Jangwani

Karakana na maegesho makuu ya awamu ya kwanza yaliwekwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi. Kila mwenyeji wa Dar anajua maji ya Msimbazi yanakwenda wapi mvua za masika zikikaza. Mafuriko yaliingia karakana, mabasi yakaharibika, na mara nyingi huduma imesitishwa kati ya Magomeni na Fire kwa sababu maji yamefunika barabara.

Fuata hatari hiyo hatua kwa hatua. Eneo lilichaguliwa na serikali. Mabasi ni ya mtoa huduma. Maji yakipanda hadi kwenye sakafu, yanaingia kwenye kompyuta ya injini, kwenye nyaya za milango, kwenye mota ya kuwashia. Mtoa huduma anakwenda bima. Kampuni ya bima ikishalipa mara moja, mwaka unaofuata inapandisha ada au inaandika kwamba mafuriko ya Jangwani hayamo. Mtoa huduma anarudi kwa wakala, anaambiwa hilo ni tukio lisilozuilika, kila mtu abebe lake. Lakini mvua inayokuja karibu kila mwaka mahali palepale si tukio lisilotarajiwa. Ilipaswa kuandikwa kwa jina ndani ya mkataba: maji yakifika alama fulani ya kipimo kwenye daraja, mabasi yahamishiwe wapi, ndani ya saa ngapi, nani analipa mafuta na nani analipa safari zilizokosekana. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, unahusisha daraja jipya la Jangwani na kuhamishwa kwa karakana. Hilo ndilo jibu sahihi, na limekuja baada ya mabasi kuzama.

Jirani na jana

Anayedhani suluhisho ni kumwachia mwekezaji kila kitu aangalie Nairobi. Barabara ya juu ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27.1, ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa pesa ilizozitafuta yenyewe, na kampuni yake tanzu inaiendesha kwa miaka 27. Ilifunguliwa mwaka 2022. Kama huduma, ni safi na inafanya ilichoahidi. Lakini mkopo wake ni wa dola na madereva wanalipa kwa shilingi. Shilingi ya Kenya iliposhuka, ushuru wa gari dogo kwa safari nzima ukapanda kutoka 360 hadi 500 mwanzoni mwa 2024. Hatari ya fedha za kigeni ilibebeshwa dereva, ambaye hana namna yoyote ya kuipunguza zaidi ya kurudi chini kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa.

Na anayedhani suluhisho ni serikali kuvunja mkataba kwa kishindo akumbuke maji ya Dar es Salaam. City Water, kampuni binafsi iliyopewa kuendesha huduma ya maji ya jiji, ilianza kazi Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10. Baada ya mchujo, ni mzabuni mmoja tu aliyewasilisha zabuni ya mwisho, na hiyo peke yake ilitosha kuwa taa nyekundu. Makusanyo hayakufikia yaliyoahidiwa. Mei 2005 serikali ikatangaza kuvunja mkataba, na Juni 1 wakurugenzi watatu wakaondoshwa nchini. Mwaka 2008 baraza la usuluhishi la kimataifa likaamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji kwa namna ilivyofanya, ingawa halikuamuru fidia yoyote, kwa sababu thamani ya kampuni ilikuwa imekwisha kutokana na uendeshaji wake wenyewe. Serikali ilikuwa na hoja ya kuachana na mtoa huduma yule. Kilichoiponza ni kutofuata hatua za kutoka zilizoandikwa.

Mbagala

Mwanzoni mwa Oktoba 2025 hasira za jukwaani zilifika mwisho. Abiria wa njia ya Kimara walipiga mabasi mawe, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaagiza baadhi ya mabasi mapya yaliyoletwa kwa ajili ya Mbagala yapelekwe Kimara. Kwa abiria aliyekuwa amesimama saa nzima, agizo lile lilikuwa la haki. Kwa ubia lina tatizo lake. Mwekezaji aliyepiga hesabu ya njia moja anajikuta anaendesha nyingine, na kama mkataba hausemi malipo ya kuhamishwa yanakuwaje, benki yake itaweka hatari hiyo kwenye riba ya mkopo ujao. Mwishoni mwa mwezi uleule, vituo vya Barabara ya Morogoro vikachomwa moto kwenye ghasia. Hiyo nayo ni hatari inayopaswa kuwa na mwenyewe kwa maandishi, maana bima ya kawaida mara nyingi haiibebi.

Awamu ya pili, Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, ni kilomita 20.3, na mtoa huduma ni kampuni ya kizalendo ya Mofat yenye mpango wa mabasi 255 yanayotumia gesi. Kundi la kwanza lililofika Agosti 2025 lilikuwa mabasi 99. Rudi kwenye hesabu ya Kimara: 140 kwa 305. Mbagala nayo ilianza chini ya nusu. Gesi inaongeza kitu kimoja cha kupanga. Basi la dizeli linajazwa dakika chache na linaweza kujazwa popote, lakini basi la gesi linategemea kituo chenye kompresa na msukumo wa kutosha. Kompresa ikizimika kwa kukatika umeme usiku, asubuhi mabasi yana matangi nusu. Tunataka kuona jenereta ya akiba ya kompresa, na jina la mwenye wajibu nayo.

Alama zetu kwa awamu ya kwanza, kwa kumi: barabara na vituo 9, basi lenyewe likiwa limetengenezeka 8, tiketi 4, idadi ya mabasi 2, na mkataba wa mpito 1. Hiyo moja ni kwa kuwahusisha wenye daladala.

Kwa Mbagala, na kwa yeyote anayeendesha Kimara, tunaomba kitu kisichohitaji sheria mpya. Kila Jumatatu wakala abandike ukutani Mbagala Rangi Tatu na Kimara Mwisho karatasi moja yenye mistari mitano ya wiki iliyopita: mabasi yanayotakiwa na mkataba, mabasi yaliyotoka saa kumi na moja alfajiri, muda mrefu zaidi uliopita bila basi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, safari zilizokatwa malipo, na kiasi kilichokatwa. Namba zote tano zinapaswa kuwa tayari mkononi mwa wakala: kwenye mkataba, kwenye vifaa vya kufuatilia mabasi na kwenye hesabu za malipo. Kuzichapa ni kazi ya karani mmoja, nusu saa.